Bido iliyopasuka na mboga za kiangazi

Maneno tuliyosema mbele ya wanachama wa Kasongo pamoja na wale waliotoka Kabambare, mwezi wa tano, wakati mvua ilikuwa inaanza kukatika. Tumeyaandika karibu sawa na vile tulivyoyasema.

Tunamshukuru prezida wa chama na komite yake kutupa nafasi siku ya likelemba. Tunajua siku kama hii kila mtu anataka kuhesabu pesa yake na kurudi nyumbani, kwa hiyo hatutaleta hotuba. Tumeleta mabido mawili, kisu, msumari, na kipande cha kitenge kizee.

Kwanza tunaomba msamaha. Waliokuwa hapa mwaka jana wanakumbuka. Tulikuja na mabido mapya, yale ya njano ya lita 20, tukawaambia muyakate, mutie udongo, muoteshe lengalenga. Mama mmoja aliyekaa mbele alituangalia tu, kisha akauliza: "Munataka nikate bido ya mayi? Na mayi nitachotea mu nini?" Tukacheka. Haikufaa kucheka. Wiki mbili baadaye tulipita katika maparseli kuangalia kazi, tukakutana na mabido yetu njiani, yako kichwani, yametoka kisimani, yamejaa maji, hata moja haina tundu. Katika ripoti tuliandika kwamba watu "hawajaelewa vizuri tekniki". Ukweli ni kwamba walikuwa wameelewa kutushinda. Mtu aliyerudi na mkeka mmoja na sufuria moja, bido nzima kwake ni mali ya nyumba. Sisi tulitaka aitoboe kwa sababu ya majani.

Sasa leo hatutaki bido nzima ya mtu. Tunataka zile zilizopasuka, zile munazoacha nyuma ya choo, watoto wanazipiga kama ngoma. Na tekniki ya leo nusu yake si yetu, ni ya mama mmoja wa Kabambare. Tutamfikia.

Munajua namna kiangazi kinavyotukamata hapa. Kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane, na miaka ingine mpaka katikati ya mwezi wa tisa, mvua haipo. Sombe inabaki, lakini majani yanakuwa magumu. Lengalenga inapanda bei sokoni. Walio na shamba karibu na mto au bondeni wanamwagilia. Wengi wenu hamna shamba la bondeni, wengine hamna shamba kabisa, kesi bado iko kwa shefu. Na kuna wale ambao shamba wanalo lakini hawathubutu kulala kule juu ya usalama. Kinachobaki ni parseli, tena mara nyingi ni parseli ya ndugu aliyekupokea. Na maji ya parseli ni yale mama na binti zake wanayobeba kichwani. Kwa hiyo hapa tuelewane: ukimwambia mama amwagilie mboga asubuhi na jioni kwa maji ya kichwa, unamwongezea safari ya kisima. Hiyo si msaada.

Ukimwaga maji juu ya udongo jua likiwa kali, jua linakunywa sehemu yake kwanza, kuku wanachakura, ingine inakimbia pembeni, mizizi inapata kilichobaki. Tekniki hii inageuza mambo. Maji yanakaa chini, yamefunikwa, na udongo unayavuta kidogo kidogo kadiri mmea unavyokunywa.

Wengine wametingisha kichwa wakisema maji hayapandi. Munaijua koroboi. Petroli iko chini, moto uko juu, na hakuna mtu anayeisukuma petroli. Utambi unaivuta. (Hapa tuliweka kikombe cha maji, tukatumbukiza ncha ya kitenge ndani, ncha ingine tukaiacha katika kikombe kitupu kilichokaa chini zaidi. Mpaka mwisho wa mazungumzo kikombe kitupu kilikuwa na maji karibu vidole viwili. Watoto ndio waliokuwa wa kwanza kuona.) Udongo nao ni utambi. Una nafasi ndogo ndogo kati ya chembe zake, na maji yanapanda ndani ya nafasi hizo. Zikiwa ndogo, yanapanda juu zaidi. Mchanga mkubwa hauvuti mbali. Mawe hayavuti kitu. Udongo wa mfinyanzi unavuta sana, lakini unajifunga, mizizi inakosa hewa, inaoza. Udongo mzuri uliochanganywa unaweza kuvuta maji sentimita 20, hata 30. Bido ya lita 20 ina urefu wa karibu sentimita 40, njo maana inafaa: maji chini, udongo juu, na hakuna sehemu iliyo mbali kupita nguvu ya utambi.

Hatukuivumbua sisi. Kule Kenya, baada ya fujo za uchaguzi mwanzoni mwa 2008, shirika moja la Ufaransa, Solidarités, lilifundisha watu wa Kibera kuotesha sukuma wiki ndani ya magunia, na nguzo ya mawe katikati ili maji yashuke mpaka chini. Gunia lile ni zuri, lakini linamwagiliwa kwa juu na linataka maji kila mara. Huko Florida, Marekani, mkulima wa nyanya aliyeitwa Blake Whisenant alitengeneza sanduku la plastiki lenye maji chini miaka ya 1990, na mpaka leo linauzwa kwa jina la EarthBox. Bei yake tusiitaje, mutatoka wote. Kitu chenyewe ni kilekile: chombo, maji chini, utambi, udongo.

Tuje kwenye bido. Tazameni imepasuka wapi, kwa sababu ufa ndio unaoamua. Kama imepasuka juu, karibu na mkono, unakata sehemu ya juu yote, unabaki na chombo kizuri. Kama imepasuka chini, sisi tulikuwa tunasema haifai, itupwe. Hapo mama wa Kabambare alitushinda. Alichukua bido iliyochanika kitako, akafunga kifuniko kwa nguvu na kipande cha mpira wa baiskeli ndani yake, akaigeuza kichwa chini, akakata kile kitako kibovu. Shingo ikawa chini, tumbo likawa juu. Haisimami yenyewe kwa sababu ya mkono, kwa hiyo akaichimbia shimo dogo, ikakaa imara, na udongo wa pembeni unalinda maji yasipate joto. Tulimuuliza nani alimfundisha. Akasema hakuna, bido yake ilikuwa imepasuka chini, angefanya nini.

Ndani, upande wa chini, unahitaji nafasi ya maji ya kama sentimita 10. Sisi mwanzo tulijaza mawe. Mawe yanabeba udongo vizuri lakini yanakula nafasi ya maji: zaidi ya nusu ya pale chini inakuwa jiwe, maji yanabaki lita 2 au 3. Ni afadhali makopo matupu ya nyanya au ya maziwa, yaliyotobolewa kwa msumari pande zote, yamepinduliwa mdomo chini na kupangwa yamebanana. Juu yake weka kipande cha gunia ili udongo usianguke. Hapo unapata lita 4 au zaidi. Asiye na makopo atumie mawe, tusigombane juu ya hiyo. Kwenye ile bido iliyogeuzwa, chini ni kwembamba, basi mawe machache yanatosha.

Utambi sasa. Kata mistari 3 au 4 ya kitambaa, upana wa vidole viwili, ipite katikati ya makopo, ncha moja iguse kitako cha maji na ncha ingine ilale ndani ya udongo mpaka karibu nusu. Kitambaa kiwe kizee, kilichofuliwa mara nyingi. Kitenge kipya kina ile dawa ya kukikaza, maji yanateleza juu yake, hayaingii. Pamba inavuta sana lakini inaoza baada ya miezi kadhaa. Kamba ya nailoni iliyosukwa au kipande cha blanketi la msaada kinakaa zaidi. Mwenye kopo moja kubwa anaweza kulitoboa matundu mengi, kulijaza udongo na kulisimamisha ndani ya maji: udongo wenyewe unakuwa mguu unaokunywa. Hiyo haiozi.

Kisha bomba la kujazia. Mwanzi, ndiyo, uliotobolewa vifundo kwa chuma cha moto, usimame kutoka chini mpaka juu ya mdomo wa bido, ncha ya chini ikatwe mshazari ili isizibe. Watoto walituletea mashina ya majani ya papai, maana yako wazi ndani. Yanafanya kazi kwa wiki mbili tatu, kisha yanakuwa ugali. Tuliyaruhusu kwa sababu walifurahi.

Na tundu la pembeni. Hapa sikilizeni, kwa sababu hapa njo tulipoua mimea ya watu. Pembeni ya bido, pale pale maji yanapoishia na udongo unapoanza, toboa tundu moja kwa msumari wa moto, kubwa kama kidole kidogo. Mwaka jana wale wachache waliotukubali hatukuwaambia juu ya tundu hilo, tulikuwa tunafikiria kiangazi tu. Mvua za mwezi wa tisa zilipokuja, bido zilijaa mpaka juu kama sufuria, na nyanya zilizokuwa zimeanza kuweka matunda zikawa njano, zikalala. Mama mmoja alikuwa amehesabu matunda yake, moja moja. Alituonyesha. Tundu lile lina kazi ingine: unapojaza kwa mwanzi, ukiona maji yanatoka pembeni, unaacha. Huna haja ya kukisia.

Juu ya udongo, wengi walichukua ule wa kichuguu kwa sababu munasema una nguvu. Una nguvu kweli, lakini ukilowa ndani ya bido unakuwa tofali. Uchanganye. Sehemu 2 za udongo mweusi, sehemu 1 ya samadi ya mbuzi iliyooza kabisa, sehemu 1 ya maganda ya mpunga. Hapa Kasongo tuna bahati: kila penye mashini ya mpunga kuna mlima wa maganda na hakuna anayeyauza. Usiyatie mabichi. Yachome mpaka yawe meusi, uyazime kwa maji kabla hayajawa majivu meupe, au tumia yale ya chini ya mlima yaliyokwisha kuoza. Majivu mengi hayafai. Katika bido maji yanapanda tu, na chumvi yoyote iliyo ndani inapanda nayo, inakaa juu. Ukiona ukoko mweupe juu ya udongo, mwaga maji safi kwa juu mara moja mpaka yatoke pembeni. Kwa sababu hiyohiyo maji ya sabuni usiyatie kwenye mwanzi. Ya kuoshea mchele, ya kuoshea mboga, sawa.

Siku ya kwanza mwagilia kwa juu mpaka udongo wote ulowe. Udongo mkavu kabisa hauvuti, unakataa maji, na hapo mtu anasema tekniki ni uongo. Endelea kumwagilia kidogo kwa juu wiki ya kwanza, mpaka mizizi ishuke. Baadaye funika udongo kwa majani makavu, jaza kwa mwanzi, basi. Katika bido tulizofuata wenyewe nyumbani kwetu, lita 4 za lengalenga zilikaa siku nne au tano. Nyanya ikishakuwa kubwa na ina matunda ni mlevi, inamaliza kwa siku mbili tatu.

Tuseme na ukweli mwingine. Bido moja hailishi nyumba. Inatoa konzi chache za lengalenga kila unapokata, na unaweza kukata mara 2 au 3 ukiacha shina linachipuka tena. Mkato wa kwanza ni baada ya wiki 4 hivi. Aliye na bido 6, akipanda moja kila wiki, anakuwa na kitu cha kutia sufuriani karibu kiangazi chote. Si shamba. Asije mtu kutoka ofisini kwetu au ofisi ingine kuwaambia kwamba sasa kesi za mashamba hazina haraka kwa sababu munazo bido. Tukisikia hivyo tutapinga, na ninyi mupinge.

Hilo la mashamba ndilo lililotufanya tuirudie kazi hii baada ya aibu ya mwaka jana. Kuna baba mmoja, mwanachama, alirudi kutoka Tanzania, alikuwa Nyarugusu miaka mingi. Akakuta shamba la baba yake karibu na Luama linalimwa na mtu mwingine, naye yule anasema alipewa na shefu wa wakati ule. Ndugu wa mke wake akampokea hapa Kasongo, akampa pembe ya parseli. Akaotesha migomba mitatu. Ilipofika kifuani, ugomvi. Munajua kwa nini. Kwa desturi zetu aliyeazimwa udongo anapanda cha msimu: mahindi, karanga, mboga. Mgomba, mchikichi, mti wa kukaa, huo ni kama sahihi. Ni kusema hapa ni pangu. Yeye hakuwa na nia hiyo, alitaka ndizi za watoto. Migomba ikang'olewa, wakakaa miezi bila kusalimiana.

Baba huyo leo ana bido tisa zilizopasuka kando ya ukuta. Hakuna anayegomba, kwa sababu bido imekaa juu ya udongo, haikuingia ndani. Mwenye parseli akitaka kujenga choo pale, bido zinasogezwa siku ileile. Yule ndugu mwenyewe anakata pilipili humo. Hata ile bido ya kuchimbia shimo alikataa kuitumia: "Mimi sitachimba kitu tena pa watu." Tumemwelewa.

Na hapa tunawaomba wanachama neno moja. Mwaka jana vifaa tulivigawa kwa orodha ya waliorudi tu. Majirani waliobaki hapa wakati wa vita, walioibiwa na kukimbilia msituni vilevile, walituangalia tukipita mlangoni kwao. Bido mbili zilipasuliwa usiku kwa kisu, na hatukuuliza ni nani. Safari hii komite imekubali kila mwanachama aje na jirani mmoja asiye mwanachama. Bido iliyopasuka inapatikana kila nyumba, hatuhitaji orodha.

Maswali yalikuwa mengi, tunaandika matatu.

Mwanachama mmoja ambaye ni muuguzi aliuliza kama hatuleti kiwanda cha mbu. Ni swali la haki. Maji yaliyosimama wazi wiki moja au mbili yanatosha kwa mbu kukua. Kwa hiyo mdomo wa mwanzi unazibwa kwa gunzi la muhindi, na tundu la pembeni linafungwa kwa kipande cha chandarua kilichochanika. Si kizima, tafadhali, kizima ni cha kulalia. Aliongeza yeye mwenyewe kwamba mwisho wa kiangazi maji ya chini yamwagwe. Tumekubali. Tuliongeza sisi: bido iliyobeba dawa ya kuua wadudu, hata ikioshwa mara kumi, hapana.

Kijana mmoja aliuliza juu ya mbuzi. Mbuzi hatuna tekniki yao. Weka miiba.

Baba mmoja wa upande wa Salamabila alinyamaza muda wote, kisha akasimama. Alisema: "Sisi tumekimbia mara ngapi? Tukikimbia tena mwezi wa saba, bido zenu tutabeba na nini?" Watu walinyamaza. Sisi tulianza kujibu kwamba bido tupu ni nyepesi, na wakati tunasema tulijua kwamba mwenye mtoto mgongoni na mwingine mkononi habebi bido ya mboga. Mama wa Kabambare, yule wa kugeuza, akatutoa pale. Alifungua fundo la kitenge kiunoni, akaonyesha mbegu za lengalenga, nyeusi, ndogo kama baruti, kama kijiko kimoja. Akamwambia: "Yaya, bido tutaiacha. Hata kule tutakuta ingine imepasuka." Akafunga fundo lake, akakaa.

Jumamosi ijayo, saa mbili ya asubuhi, tunakata na kutoboa nyuma ya nyumba ya prezida. Kila mtu aje na bido yake mbovu, makopo, kitambaa kizee, na jirani. Msumari na moto viko. Maganda ya mpunga vijana watayaleta na mukokoteni Ijumaa jioni, kama mwenye mashini hatabadilisha maneno.